Unaanza kukata kwato za mbuzi? Soma hapa kabla hujashika mkasi

MchungaMgeta

Wakuu, habari za jioni.

Nimeamua kuufungua uzi huu kwa sababu swali la mbuzi anayechechemea halikauki humu, na mara nyingi ukimwomba muulizaji picha ya mguu unakuta kwato zimekua mpaka zimejikunja. Watu wameingia kwenye mbuzi wa maziwa kwa moyo, wamejenga mabanda mazuri ya kichanja, majani wanaleta wenyewe, maji yapo. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba mbuzi anayeishi juu ya mbao, asiyekanyaga mawe wala changarawe, hana kitu cha kumsaga kwato. Na wakishaambiwa wanaogopa: "Nikikata nyama je?"

Hofu hiyo naiheshimu, maana ni ya mtu anayempenda mnyama wake. Ila jibu lake ni fupi. Ukikata kidogo kila baada ya wiki sita mpaka nane, si rahisi kufika kwenye nyama. Anayefika kwenye nyama ni yule aliyengoja mwaka mzima halafu anataka kumaliza kazi yote asubuhi moja.

Mimi nafuga Mgeta, Mvomero, huku milima ya Uluguru ambako mbuzi wa maziwa wa Norway waliletwa kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine miaka ya 1980. Mvua nyingi, baridi, udongo laini, mbuzi wanalishwa ndani. Kwa hiyo huku kukata kwato si anasa.

Tuanze na mguu wenyewe. Mguu mmoja una kwato mbili, wa ndani na wa nje, na juu kidogo kwa nyuma kuna vikwato viwili vidogo visivyogusa chini. Inua mguu uutazame kwa upande wa chini. Utaona ukuta mgumu umezunguka ukingoni, katikati kuna unyayo ambao ni laini kidogo, na nyuma kabisa kisigino, laini zaidi. Ukuta ndio unaokua haraka, kama milimita 3 hadi 5 kwa mwezi, na usiposagika unajikunja na kuufunika unyayo. Pale ulipojikunja panakuwa na mfuko. Mfuko unajaa matope na kinyesi, hewa haiingii, na vimelea vinavyoozesha kwato vinapenda hasa mahali pasipo na hewa.

Ukuta hauna damu wala maumivu, ni kama ncha ya ukucha wako. Nyama hai iko ndani, nyuma ya unyayo. Ukishaielewa hiyo, nusu ya woga inaondoka.

Vifaa havina gharama ya kutisha. Mkasi wa kupogolea, ule wa mkono mmoja wenye springi wanaotumia watu wa maua na miti ya matunda, unatosha kabisa. Sharti uwe mkali. Mkasi butu unakulazimisha kukamua kwa nguvu, na ukikamua kwa nguvu mkono unateleza. Ongeza brashi ngumu, kijiti cha kuchokolea uchafu, tupa ya kusawazisha, glavu nzito, iodini, kitambaa safi na ndoo ya maji yenye dawa ya kuua vijidudu kwa ajili ya kusafishia mkasi kila unapohama mbuzi. Kama kwato zimekauka vaa na miwani, vipande vigumu vinaruka.

Wakati mzuri ni baada ya mvua, au asubuhi mbuzi wakiwa wamekanyaga majani yenye umande, kwa sababu kwato zinakuwa zimelainika. Kiangazi zinakuwa ngumu kama nini. Simamisha miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa robo saa kwanza. Na fanya kazi hii mchana, penye mwanga wa kutosha. Rangi ya unyayo ndiyo itakayokuambia usimame, na kwa tochi ya simu huwezi kuiona vizuri.

Kumshika. Mfunge kwa kamba fupi ya kola au ya kichwani, kwenye nguzo, ubavu mmoja ukiegemea ukuta. Usitumie kitanzi kinachokaza shingoni, akiruka anajinyonga. Mbele yake weka kitu anachokipenda, lusina au pumba kidogo. Mbuzi anayetafuna ana shughuli yake, anakuachia wewe yako. Usimlaze chali. Kondoo watu huwakalisha kitako na wanatulia, mbuzi hapendi, na akiwa ameshiba au ana mimba ni hatari kwake.

Simama kando yake ukiangalia upande wa mkia. Mguu wa mbele ukunje kwenye goti uende nyuma, kama unavyojikunja wenyewe. Wa nyuma uinue kuelekea nyuma, usiupandishe juu sana. Kosa la wengi ni kuuvuta mguu pembeni: nyonga inauma, mbuzi anapiga teke, halafu anaitwa mkorofi wakati anajitetea tu. Akianza kurusha mguu usiuachie wala usishindane naye, shika hapo hapo kwa utulivu mpaka atulie. Ukiuachia anapopiga, umemfundisha kwamba kupiga kunalipa.

Sasa kukata. Ondoa uchafu wote kwanza, mpaka katikati ya kwato mbili, uone kila kitu. Ingiza ncha ya mkasi chini ya ule ukuta uliojikunja, anzia kisiginoni kuelekea mbele, ukate mpaka uwe sawa na unyayo. Fanya pande zote mbili za ukwato. Kisha kata ncha ya mbele kama imerefuka. Ukishafika hapo tazama pembeni: pale nywele zinapoishia na ukwato kuanzia kuna mstari. Chini ya ukwato panatakiwa pawe sambamba na mstari huo. Huo ndio rula yako, usitumie macho ya kukisia. Kama kisigino kimepanda juu kuliko inavyopasa, kipunguze kwa vipande vyembamba sana, kwa sababu hapo ni laini na damu iko karibu.

Unyayo wenyewe upunguze kwa vipande vyembamba kama karatasi. Mwanzo utatoka mchafu, wa kijivu. Halafu unakuwa mweupe safi. Ukiona umeanza kuwa na rangi ya waridi, hata kwa mbali, SIMAMA. Kwa mbuzi mwenye kwato nyeusi rangi hiyo haionekani vizuri, hapo tumia kidole gumba: bonyeza unyayo, ukianza kubonyea umekaribia. Acha.

Malizia kwa tupa, mshushe mguu, msimamishe mahali tambarare umtazame. Kwato mbili za mguu mmoja ziwe na kimo kimoja. Moja ikiwa ndefu anakanyaga upande na kiungo kinaumia taratibu.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

---

BintiLushoto

Asante sana kaka, nimesoma neno kwa neno. Nina swali. Nina majike mawili, mmoja mimba yake inaingia mwezi wa tano na kwato zake zimerefuka. Nimkate au nimwache?

---

MchungaMgeta

Dada, mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, kwa hiyo huyo yuko mlangoni. Kama anatembea vizuri mwache azae, apumzike wiki mbili tatu, ndipo umkate. Mwezi wa mwisho sipendi kumkimbiza wala kumminyaminya jike. Ila akiwa anachechemea usimwache ateseke, ita afisa mifugo amwangalie akiwa amesimama, aondoe kile tu kinachomsumbua. Yule wa pili, kama mimba haijafika mwezi wa nne, mkate sasa hivi ili akifika mwisho asikudai.

---

Kongwa_Kame

Mkuu nakuheshimu, lakini sisi huku Kongwa babu zetu hawakuwahi kukata kwato za mbuzi na mbuzi wanatembea kutwa nzima. Naona haya ni mambo ya mbuzi wa kizungu. Mbuzi wa kienyeji ana kwato zake za asili, mnamwongezea kazi bure.

---

MchungaMgeta

Ndugu yangu wa Kongwa, hapo umesema kweli kwa upande wako, na sitaki mtu wa Dodoma au Singida anunue mkasi kwa sababu yangu. Mbuzi wako anatembea kilomita kadhaa kila siku kwenye ardhi kavu yenye kokoto. Ardhi ndiyo inayomkata kwato. Lakini mchukue mbuzi huyo huyo wa kienyeji umfungie kwenye banda la kichanja hapa Mgeta, urudi baada ya miezi minne. Atakuwa sawasawa na wa Norway. Si damu ya mbuzi, ni mahali anapokanyaga.

Nakuomba jambo moja tu: beberu uliyemfunga nyumbani unamnenepesha, na majike wazee wasiokwenda mbali, wageuze miguu mara moja moja. Hao ndio wanaosahaulika hata kwenye nchi kavu.

---

Kongwa_Kame

Hilo la beberu nimelikubali. Ninaye mmoja wa kunenepesha na kweli miguu yake sijaitazama.

---

MeruMaziwa

Hamjambo wenzangu wa Tanzania. Mimi niko Meru, Kenya, nafuga mbuzi wa maziwa aina ya Toggenburg. Sisi tumejifunza kumpunguzia mtu kazi kwa kuweka mawe. Kwenye uwanja wa mazoezi nimejenga jukwaa la mawe makubwa na matofali ya saruji yenye uso wa kukwaruza, na chombo cha chumvi ya madini nimekitundika juu yake. Mbuzi kwa asili anapenda kupanda, kwa hivyo siku nzima anapanda na kushuka kuifuata chumvi. Bado nakata, lakini ninachokata ni kidogo sana ukilinganisha na jirani ambaye mbuzi wake hashuki bandani.

La pili, watoto. Kuanzia wiki za kwanza shika miguu yao kila jioni, uinue, ukune katikati ya kwato kwa kidole, uachie. Hukati kitu. Wakifika miezi miwili au mitatu unapitisha mkasi kidogo tu kwenye ncha. Huyo akiwa mkubwa atakupa mguu mwenyewe. Jike mwenye kilo 50 ambaye hajawahi kushikwa mguu ni vita.

---

MchungaMgeta

Mkuu wa Meru, la kutundika chumvi juu ya mawe nimelipenda sana. Wengine mlichukue hilo.

---

ChanikaFuga

Jamani naomba msaada wa haraka!! Kijana anayetusaidia amesoma uzi huu akaenda kukata, jike mmoja kwenye ncha ya mbele damu inatoka. Si nyingi sana lakini haikatiki, inadondoka. Nifanye nini sasa hivi?

---

MchungaMgeta

Tulia mkuu. Mbuzi hafi kwa hilo. Chukua kitambaa safi, kikunje, bonyeza pale pale kwa nguvu. Usiwe unafungua kuchungulia kila sekunde, bonyeza mfululizo dakika tano ukitazama saa. Kijana amshike kichwa, umpe majani atulie. Kama una unga safi wa wanga, ule laini wa mahindi, weka kidogo kwenye kitambaa kabla ya kubonyeza, unasaidia damu kuganda. Halafu rudi hapa.

---

MzeeBabati

Mwambie aweke majivu ya jikoni, damu inakata papo hapo. Sisi ndivyo tulivyokuwa tukifanya toka zamani.

---

Mganga wa Mifugo

Shikamoo mzee. Naomba niingie hapo kwa heshima. Mimi ni daktari wa mifugo. Majivu ya mekoni mara nyingi yamechanganyika na udongo na uchafu wa sakafu, na udongo ndimo vinamokaa vimelea vya pepopunda. Jeraha la ukwato lililozibwa kwa uchafu ndilo wanalolitafuta, maana wanastawi pasipo hewa. Mbuzi anapata pepopunda kirahisi kuliko ng'ombe, na akishaanza kukakamaa miguu na taya, kumwokoa ni shida sana. Tuyaache majivu.

ChanikaFuga, damu ikishakata paka iodini, mweke kwenye sehemu kavu yenye majani makavu safi, asirudi kwenye tope siku mbili tatu. Kama una ile dawa ya kupulizia ya bluu, pulizia ili nzi wasitage hapo. Na mpigie daktari wako wa karibu umuulize kuhusu kinga ya pepopunda, hasa kama mbuzi huyo hajawahi kuchanjwa. Akianza kuchechemea zaidi badala ya kupungua, au mguu ukavimba na kuwa wa moto, aonwe siku hiyo hiyo.

---

MzeeBabati

Marahaba daktari. Nimesikia, na la pepopunda ni kweli, nimeshamwona mbuzi aliyekakamaa. Majivu basi.

---

ChanikaFuga

Imekata. Tulibonyeza kama mlivyosema na ameanza kula. Iodini tumepaka. Nawashukuru mno, Mungu awabariki. Kijana alikuwa amekaa chini kabisa analia.

---

MchungaMgeta

Mwambie kijana pole, na asiache kazi hii. Kesho mwoneshe ule mguu uliobaki, aone mahali weupe unapoanza kubadilika. Akishaiona ile rangi kwa macho yake, hataisahau. Ila mbuzi huyo msimguse kwato nyingine mpaka apone.

Na ninyi mnaosoma: mkijikata wenyewe, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, nenda zahanati ukaulize sindano ya pepopunda. Mkasi umetoka kwenye kinyesi cha mbuzi.

---

MwanaTanga

Assalaam aleykum. Mimi ni mfanyabiashara wa mbuzi, nawapeleka hasa msimu wa Idd el-Hajj. Nataka wafugaji wajue kwamba mbuzi anayechechemea waziwazi hafai kuchinjwa udhiya, kwa hiyo mteja akimwona tu anaondoka, hata kama mbuzi ananawiri. Nimeona watu wakishusha bei kwa mnyama mzima kwa sababu ya ukwato ambao ungekatwa mwezi uliopita. Msingoje wiki ya Idd. Anayekatwa siku ya kupakiwa kwenye gari anaweza kuchechemea njia nzima.

Swali langu kwa daktari: nina na kondoo. Kwa mbele, juu ya mahali kwato mbili zinapoachana, naona tundu dogo linatoa kitu kama nta. Ni kidonda?

---

Mganga wa Mifugo

Waaleykum salaam. Hapana, hiyo ni tezi ya kawaida ya kondoo. Kondoo anayo, mbuzi hana. Usiikamue wala usiichome dawa. Ikiwa imevimba, imekuwa nyekundu na mnyama anachechemea, hapo ndipo kuna tatizo.

Kwa kuwa nimeshaingia, nizungumzie kuoza kwa kwato, maana naona wengi wanadhani dawa yake ni kukata zaidi. Ugonjwa huu unaletwa na bakteria wanaosaidiana, na dalili yake huwezi kuikosea: harufu. Ni uvundo wa aina yake, na ukiinua mguu unaona ngozi ya kati ya kwato imelainika, imekuwa nyeupe au nyekundu, na ukuta umeanza kuachana na nyama. Zamani tulifundishwa kuchonga yote mpaka uikute sehemu nzima. Tafiti zilizofanywa kwa kondoo huko Uingereza zimeonesha kinyume: waliochomwa sindano ya antibayotiki na kupuliziwa dawa bila kuchongwa walipona haraka kuliko waliochongwa. Kuchonga ukwato mgonjwa kunaongeza jeraha, na kunasambaza ugonjwa kwa mkasi. Kwa hiyo mwenye kuoza: msafishe, mtenge, mwite mtaalamu amchome sindano inayofaa, na kumsawazisha kwato kungoje mpaka apone. Maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe.

Habari njema ni kwamba bakteria mkuu wa ugonjwa huu hadumu muda mrefu nje ya mguu wa mnyama, kama wiki mbili tu kwenye udongo. Ukiwatibu wagonjwa na ukaliacha zizi chafu bila mnyama kwa muda huo, unaukata mnyororo. Na mbuzi mgeni kutoka mnadani asichanganywe moja kwa moja. Mtenge, mgeuze miguu yote minne, mwogeshe miguu dawa.

Jambo la mwisho na la muhimu kuliko yote. Wakichechemea wengi kwa pamoja, ndani ya siku moja au mbili, ukaona malengelenge au vidonda kati ya kwato, kwenye fizi au ulimi, mate yanatoka, weka mkasi chini. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa miguu na midomo. Usihamishe mnyama yeyote, mpigie afisa mifugo wa kata.

---

BintiLushoto

Daktari asante. Hiyo dawa ya kuogeshea miguu inachanganywaje? Dukani wameniambia nitumie mrututu.

---

Mganga wa Mifugo

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, unafaa: gramu 500 kwa lita 10 za maji, hiyo ni asilimia 5. Tumia beseni la plastiki, chuma unakila. Osha miguu ya mbuzi kwanza, kwa sababu kinyesi kinaua nguvu ya dawa, kisha asimame humo kama dakika tano, halafu akae mahali pakavu mpaka miguu ikauke.

Asinywe hata kidogo. Shaba ni sumu, na kondoo ndio dhaifu kabisa kwa shaba, kwa hiyo MwanaTanga kwako nashauri salfeti ya zinki: kilo 1 kwa lita 10 za maji, asimame robo saa. Mnywesheni maji ya kutosha kabla, asiwe na kiu anapoingia. Maji yaliyobaki yasimwagwe mtoni wala karibu na bwawa la samaki.

---

MeruMaziwa

Daktari, kuna jambo nimeliona kwa jirani. Anakata kwato vizuri na kwa wakati lakini zinaota vibaya, nene, zimepinda, na jike lake linakula likiwa limepiga magoti. Sakafu ni kavu. Inaweza kuwa nini?

---

Mganga wa Mifugo

Muulize anamlisha nini. Nafaka nyingi kwa mara moja, mahindi yaliyoparazwa au pumba za kujaza ndoo, zinaleta tindikali tumboni, na tindikali hiyo inaishia kuleta uvimbe ndani ya kwato. Shika kwato zake kwa kiganja, zikiwa za moto miguu yote, hiyo ndiyo dalili. Mnyama anapiga magoti kwa sababu kusimama kunauma. Mkasi hautatibu hilo. Majani yawe chakula kikuu, pumba ziongezwe taratibu na zigawanywe asubuhi na jioni, na madini yasikosekane, hasa zinki. Na aonwe na daktari apate dawa ya maumivu, kupiga magoti siku nyingi kunaharibu na viungo.

---

Kongwa_Kame

Nimerudi wakuu. Yule beberu nimemgeuza leo. Za mbele zimerefuka zimepinda kwenda juu, za nyuma zimejikunja zimefunika unyayo wote. Hana harufu wala kidonda, lakini anatembea kwa visigino. Mkasi nimeazima kwa jirani mwenye zabibu. Nianzie wapi? Maana nikikata mpaka usawa wa mstari wa nywele, naona nitaondoa karibu nusu ya ukwato.

---

MchungaMgeta

Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukata. Huyo usimmalize leo. Ukwato ukirefuka muda mrefu, nyama ya ndani nayo inausogelea mbele. Ukikata mpaka mahali panapotakiwa utaikuta damu, ingawa kwa macho unaona uko sahihi. Inabidi uirudishe kwa hatua.

Kwa kuwa huko ni kavu, mloweke kwanza. Wa kunenepesha ni mzito, tafuta mtu wa pili amshike, na wewe usiinamishe uso juu ya kichwa chake, pembe hazina urafiki. Leo ondoa ukuta uliojikunja tu, kwenye miguu yote minne, na usafishe mifuko yote. Hapo huwezi kumdhuru, na peke yake itampa nafuu utakayoiona kwenye mwendo. Halafu ile ncha iliyopinda juu, ikate kipande kidogo, ukitazama ndani ya mkato kila mara. Kukiwa na weupe mkavu, endelea kidogo. Ukiona panaanza kung'aa au kuwa na unyevu, acha papo hapo hata kama bado ni ndefu.

Mwache wiki mbili, na awe anatembea, usimfunge kutwa. Kutembea kunairudisha ile nyama nyuma. Kisha kata tena kidogo. Ukienda hivyo, baada ya mara tatu au nne atakuwa amesawazika. Visigino vyake usiviguse kwa sasa, maana amekuwa akivikanyagia, vitakuwa vimesagika na ni vyembamba. Ncha ikishapungua, uzito utarudi mbele wenyewe.

Mkasi wa jirani uoshe na uutie dawa kabla ya kuanza na kabla ya kumrudishia, kama naye ana mbuzi. Picha za miguu tutumie hapa baada ya mkato wa kwanza, kwa upande na kwa chini, tuzitazame pamoja kabla hujaenda wa pili.